Magitaa Mawili ya Namba Nne

Mume wangu Hamdani hakuwahi kununua dagaa bila kuzamisha mkono mpaka chini ya gunia. Wauzaji wa mwalo wa Kibirizi walimjua. Wakimwona anashuka waliambizana, "Mzee wa Mchanga huyo anakuja," kwa sababu alichota kiganja kutoka chini kabisa, akakipepeta mbele ya macho yao, akauona mchanga hata pale usipokuwepo. Mawese aliyachovya kijiti aone kama yana maji. Mimi mwenyewe, mke wake wa ndoa, nikirudi msibani aliniuliza nani kafa, kafa saa ngapi, kazikwa upande gani; kesho yake anamwuliza jirani maswali yaleyale aone kama majibu yanalingana.

Nilishazoea. Hamdani alipima mizigo ya abiria stesheni ya Kigoma kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na mizani na kumwuliza kila mwenye furushi, "Una nini humo?" Alishasikia uongo wa kila aina. Mtu anasema ni nguo za watoto, ukifungua ni samaki, migebuka mikavu, imefungwa ndani ya kanga. Ukiuliza watu swali moja miaka yote hiyo, mwisho unaanza kuwauliza hata wasio na mzigo.

Lakini kilichomharibu zaidi ni gitaa. Alipokuwa kijana alinunua gitaa la umeme kwa mtu wa Mwanga, limeandikwa jina la Kizungu kwa herufi za dhahabu. Akanyeshewa nalo siku ya tatu tu, dhahabu ikamwagika na maji, ubao ukabanduka, na chini yake yakatokea maandishi ya sanduku la majani ya chai. Ujiji nzima ilicheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Hamdani hakuacha kushtuka tena.

Ndiyo maana alipolipata lile la kijani, mwaka themanini na moja, hakulala mpaka alipoijua habari yake yote. Lilikuwa la mwanamuziki wa Bujumbura aliyekuwa anapanda treni kwenda Dar es Salaam. Mizigo yake ilizidi kwenye mizani, ikabidi aache kimoja. Hamdani aliuza baiskeli yake siku hiyohiyo. Gitaa lilikuwa zito, rangi ya jani la mgomba lililolowa, na nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kibati cha shaba kimegongwa namba: nne kwa kumi na mbili.

Habari yenyewe niliisikia mara nyingi hata nikaijua kama Alhamdu. Bujumbura kulikuwa na karakana ya makabati ya mzee Ngendakumana. Mwaka sabini na tano alijaribu kutengeneza magitaa ya umeme kwa mabaki ya mbao za mvule, akatoa sita meusi. Yakagombaniwa. Mwaka sabini na tisa akatoa ya kijani, akatangaza kwamba ni kumi na mbili tu, hakuna la kumi na tatu. Alipomaliza akakichoma kiolezo mbele ya wateja, wakaona kwa macho yao. Kila gitaa lilipewa namba yake, na skrubu za bamba jeusi la mbele, linaloficha nyaya, zikafunikwa nta nyekundu, ili mtu akifungua ijulikane. Mwaka themanini na nne akatoa manane mekundu. Hapo ndipo wajanja walipoingia. Kwa kuwa ni machache na kila bendi inayataka, watu walifungua yale halisi, wakatoa sumaku za kunasa sauti, wakazitia kwenye magitaa yao ya kubuni na kuyagongea namba. Katika manane hayo yakahesabika kumi na moja. Wateja wakakimbia, karakana ikafungwa. Tangu hapo gitaa la Ngendakumana ambalo nta yake imevunjika lilikuwa na thamani ya kuni.

La Hamdani nta yake ilikuwa nzima. Alikuwa analikagua kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini.

Alikuwa pia na daftari. Vita vilipoanza Burundi, na watu wakawa wanashuka Kibirizi kwa maboti, wengine wanaingia kwa miguu kupitia mpaka wa Manyovu, Hamdani aliwatafuta wanamuziki wao. Wengine waliwapelekea blanketi. Yeye aliwapelekea maswali: namba moja iko wapi, nani anapiga namba tisa. Nilimwonea haya. Lakini daftari likajaa. Namba moja iliungua na nyumba Rumonge. Namba tatu ilizama. Namba tano iko Uvira, ilifunguliwa ikakutwa imeandikwa "Kiza" ndani, labda jina la mwenyewe wa kwanza. Mwaka tisini na sita alikuwa amezijua zote kumi na mbili zilipo, na ya nne ilikuwa imetundikwa ukutani kwetu Rusimbi.

Kwa hiyo elewa jinsi alivyogeuka rangi siku Nizigama alipobisha hodi.

Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka kama hamsini, mikono mikubwa yenye makovu ya patasi. Alikuwa mkimbizi, amepanga chumba Katonga, anaziba maboti yanayovuja. Alisalimia kwa adabu, akakaa, akafungua gunia alilobeba. Ndani yake kulikuwa na gitaa la kijani. Hamdani akaligeuza kabla hata ya kuomba ruhusa. Nne kwa kumi na mbili.

"Umelitoa wapi?" Hamdani aliuliza.

"Nimelitengeneza mimi, mzee. Nilikuwa fundi wa Ngendakumana. Nimesikia bandarini kwamba lingine liko kwako."

"Lingine gani? Namba nne ni moja."

"Namba nne ni mawili," Nizigama alisema. "Yalitoka kwenye ubao mmoja."

"Hata mlango na fremu hutoka kwenye ubao mmoja. Havipewi namba moja."

Nizigama hakubisha. Alikuwa ameliona gitaa letu ukutani na hakuwa anamtazama mtu tena. Alisema hataki kulichukua wala kulipiga. Anaomba jambo moja tu: bamba la mbele lifunguliwe mara moja, aone chini yake, halafu atalifunga mwenyewe vizuri.

"Chini yake kuna nini?"

"Kuna alama yangu."

"Alama gani?"

Mimi nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. "Ukifungua utaiona," alisema mwishowe.

Hamdani alinyanyuka, akalishusha gitaa letu, akaenda kuliweka chumbani, akafunga mlango na ufunguo. Aliporudi alimwonyesha Nizigama gitaa lake mwenyewe: nta imevunjika, skrubu zimechubuka. "Lako umeshalichokonoa. Sasa unataka sumaku za langu. Asiyeweza kusema anatafuta nini, anatafuta cha kuiba."

Nizigama alilirudisha gitaa kwenye gunia polepole. Nilimwonea huruma kidogo, nikamsindikiza mpaka uani. Nikamwuliza ana watoto wangapi, maana ndiyo desturi ya kumpoza mtu.

"Wavulana wawili, mama," alisema. "Wana miaka kumi na saba."

Neno hilo nililipeleka ndani kama mchezo. Laiti ningelimeza.

Maana wiki iliyofuata nilikwenda Katonga kununua samaki, nikamkuta mke wa Nizigama, Gloriose, ameketi nje ya chumba chao na kijana mmoja mrefu anayechonga mpini wa jembe. Tukasalimiana. Nikauliza, kwa wema tu, yule mwingine yuko wapi. Gloriose alikuwa anachambua maharage, mkono wake ukasimama.

"Amekwenda kutafuta kuni," alisema.

Nilimsimulia Hamdani. Akaniambia niulize tena. Nilikwenda wiki iliyofuata, jibu likawa lilelile: amekwenda kutafuta kuni. Baada ya wiki tatu nikauliza tena, na safari hii Gloriose hakuniangalia usoni, na yule kijana aliinuka akaingia ndani.

"Kuni za wiki tatu?" Hamdani alisema. "Wanachoma tanuri la matofali? Mama Sauda, huyo mtoto ama hayupo, ama yuko mahali pabaya. Baba hasemi anachotafuta, mama hasemi mtoto aliko. Njia ya mwongo ni fupi."

Na mimi nilikubali. Nisijifanye mwema sasa. Nilianza kufunga dirisha la uani. Nilimwona Nizigama mara mbili amesimama ng'ambo ya barabara, anaitazama nyumba yetu bila kufanya lolote, nikaapa kwamba anahesabu madirisha. Alirudi kubisha hodi mara mbili, akaomba lilelile kwa sauti ileile ya chini. Mara ya mwisho alisema, "Mzee, hata wewe ufungue mwenyewe, mimi nisimame mlangoni nisiguse kitu." Hamdani akamwambia nta ikishavunjika haina fundi wa kuirudisha, na ushahidi wake wote uko kwenye ile nta. Hilo lilikuwa kweli. Akamfungia mlango.

Mwaka ule amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi wote wakae makambini. Wengi walibaki mjini kimyakimya, na majirani waliwanyamazia. Hamdani hakunyamaza. Alikwenda kwa Alphonce, mwenyekiti wa mtaa, akasema Katonga kuna mtu mwenye gitaa la kughushi, na kijana wake mmoja haonekani, watu waangalie mali zao. Alphonce hakuwa mtu mbaya, lakini neno likishafika mezani lazima lifanyiwe kazi. Baada ya siku nne lori lilipita asubuhi. Nizigama, Gloriose na yule kijana wakapandishwa na masufuria yao, wakapelekwa kambini upande wa Kasulu. Wanasema Nizigama hakubishana. Aliomba tu gunia lake lisiwekwe chini ya magodoro.

Hamdani alikula vizuri siku hiyo. Mimi changu nilikirudisha sufuriani.

Rozalia ndiye aliyetuvua nguo. Ni Muha wa Kasulu, jirani yetu, anapeleka dagaa kuuza kwenye soko la kambini. Alikuja jioni moja kuazima kinu, akamkuta Hamdani na daftari lake, ametamba kama kawaida, anamsomea mtu yeyote mwenye masikio. Namba moja, iliungua Rumonge. Namba tatu, ilizama. Namba nne, iko hapa, na ile ya mwongo imekwenda na mwenyewe. Namba tano, Uvira, ndani imeandikwa Kiza.

"Rudia," Rozalia alisema.

"Namba tano, ndani imeandikwa Kiza. Nafikiri ni jina la mwenyewe wa kwanza."

Rozalia aliweka kinu chini. "Hamdani, umekaa na Waha miaka yote hii na hujui Kiza ni nani? Kiza ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, anayewafuata ni Kiza. Warundi nao wanaita hivyohivyo. Kama wa tano ni Kiza, basi wa nne walikuwa wawili. Na mapacha ni uzazi mmoja. Huwapi namba mbili."

Hamdani alilitazama daftari lake kama kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona mbele zaidi. "Rozalia," nilisema, "mtu akikwambia mtoto wake pacha amekwenda kutafuta kuni, ana maana gani?"

Akanigeukia. "Nani kakwambia hivyo?"

"Mke wa Nizigama. Nilimwuliza mara tatu."

"Mara tatu," Rozalia alisema. "Kwetu, kwenye ukoo wetu, pacha hafi. Akiondoka mmoja hatulii, hatuweki matanga, hatutaji kifo. Tunasema amekwenda kutafuta kuni. Ukimlilia huyo, unamwita na mwenzake amfuate. Ulikuwa unamwuliza mama yule mbele ya mtoto aliyebaki?"

Ndiyo. Mbele yake. Mpini wa jembe mkononi. Sijawahi kujichukia kama jioni ile, na sitaki mtu aniambie kwamba sikujua. Sikujua kwa sababu nilishaamua.

Hamdani aliingia chumbani, akatoka na gitaa na bisibisi. Alikaa nalo magotini kwa muda mrefu, anaipapasa ile nta kwa kidole gumba. Miaka kumi na sita alikuwa anailinda. Halafu akaivunja, skrubu moja baada ya nyingine, vipande vyekundu vikamwangukia mapajani. Bamba likanyanyuka.

Chini yake, kwenye ubao ambao haukupakwa rangi, kulikuwa na kiganja. Kilichorwa kwa penseli ya seremala kwa kuuzungushia mkono wa mtoto mchanga, kidogo kiasi kwamba kingeenea kwenye kijiko, vidole viwili vimeungana kwa sababu mtoto alikuwa amevikunja. Pembeni yake jina: Butoyi. Na tarehe ya mwaka sabini na tisa.

Rozalia alijifunga kanga, akasema soko la kambini ni Jumatano.

Tulikwenda wote watatu juu ya lori la magunia ya dagaa. Hamdani alilala njia nzima, au alijifanya. Tulimkuta Nizigama nje ya hema lake anatengeneza kiti cha mtu. Alipomwona Hamdani alisimama, na nikaona anaangalia nyuma yetu, kama kuna lori jingine la kumbeba tena. Alikuwa na haki ya kutushuku. Ilikuwa zamu yake.

Hamdani hakuwa na hotuba. Alisema, "Nilikushtaki mimi," akalifungua gunia.

Tulikaa ndani ya hema. Nizigama alilitoa gitaa lake, akalifungua bamba, akayalaza yote mawili kwenye mkeka, ubavu kwa ubavu. Mistari ya mbao ile isiyopakwa rangi ilianzia kwenye moja ikaishia kwenye jingine. Viganja viwili, Bukuru na Butoyi. Yule kijana mrefu alisogea akaweka mkono wake juu ya kile cha kwake, ukakifunika chote. Baba yake akaweka mkono wake juu ya kile kingine. Alikaa hivyo mpaka mguu wangu ukafa ganzi, na sikuthubutu kuusogeza.

Tulifahamu siku ile, kwa maneno machache ya Gloriose, kwamba watoto walizaliwa wiki ambayo Nizigama alikuwa anapasua ule ubao. Ngendakumana alicheka, akakubali namba moja kwa magitaa mawili, na sumaku ya lile la ziada waliitoa kwenye spika ya redio ya mkwewe. Butoyi alikwenda kutafuta kuni njiani, walipokuwa wanakimbia, baada ya homa ya siku mbili. Hawakuwa na picha yake hata moja, na baba yake asingeweza kutaja kile kiganja bila kuulizwa mtoto yuko wapi. Hakusema zaidi, na macho yake yalikuwa makavu, kwa ajili ya yule aliyekuwa ameketi mbele yake.

"Kumbe alikuwa Rusimbi," Nizigama alisema. "Muda wote huu."

Hamdani aliinama. "Mchukue. Ni wako. Nisamehe, kaka."

Nizigama alilirudisha bamba taratibu, akakaza skrubu moja moja, halafu akalisukuma gitaa kuelekea kwa mume wangu.

"Hapa kambini vitu vinapotea," alisema. "Hema halina kufuli. Mvua inaingia. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara naitazama nyumba yako, naona jinsi unavyofunga. Nikasema, yule bwana hamwamini mtu yeyote. Mtoto wangu nimwache kwa nani, kama si kwako? Uwe tu unamleta tumwone."

Hamdani aliinuka akatoka. Nilimfuata, nikamkuta nyuma ya choo cha nyasi, ameegemea ukuta, analia na kujiziba mdomo kwa kofia yake. Nilimgusa bega. Akanong'ona, "Bukuru asinione," na hapo nikalia na mimi.

Wakati wa kurudi lori lilijaa. Utingo alikuwa anapanga mizigo, akamwona Hamdani amelipakata lile gunia, akataka kulitupia juu pamoja na mengine.

"Mzee, lete hapa. Una nini humo?"

Hamdani alilivuta karibu na kifua.

"Mtoto wa watu," alisema.